Anayefika kwa Dakika Hamsini Naye ni Msafiri

Muulize mkazi wa Mombasa Nairobi iko mbali kiasi gani, naye atakujibu kwa saa. Kwa basi ni usiku mzima, kwa treni ya SGR ni saa tano au sita, kwa ndege hata saa moja haitimii. Kilomita hazitaji, na pengine hazijui. Lakini ardhi iliyo kati ya miji hiyo miwili haijasogea: kwa mstari wa ndege ni kilomita 420 hivi, kwa barabara zinapita 480. Swali ninalotaka kulijadili limejificha hapo, nalo ni la fikihi kwa sura na la falsafa kwa mzizi. Muislamu aliye katika safari ndefu ameruhusiwa kuzipunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kutoka rakaa nne hadi mbili, na katika Ramadhani ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, kwa masharti yanayojulikana. Je, aliyekunywa chai ya asubuhi Nyali, Mombasa, akakaa kitini anasoma gazeti, akateremka Nairobi kabla ya Adhuhuri hata jasho halijamtoka, naye ni msafiri? Wengi hujibu kimoyomoyo kwamba sivyo. Husali nne kwa haya, kana kwamba wakisali mbili watakuwa wameiba kitu. Nasema haya hiyo haina msingi. Ndege haikuifuta hukumu ya safari. Imetuonyesha tu hukumu hiyo ilikuwa imesimama juu ya nini tangu mwanzo.

Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuuliza kama safari hupimwa kwa umbali au kwa muda, maana vyote viwili vilikwenda pamoja. Ngamia aliyebeba mizigo alikuwa na mwendo wake, basi. Marhala moja ilikuwa mwendo wa siku nzima wa ngamia huyo, na ilikuwa pia farsakh nane, na hakuna aliyeona kwamba ametaja vitu viwili tofauti. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani yetu kuliko mengine yote, waliweka mpaka kwenye marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimi. Waliozigeuza maili hizo kuwa kilomita hawakuafikiana: wapo wanaofikia 81 hivi na wapo wanaokaribia 89, kwa kuwa dhiraa za zamani hazikuwa na urefu mmoja. Wahanafi walisema mwendo wa siku tatu. Maibadhi walisema farsakh mbili, kama kilomita 12. Mmoja anataja maili, mwingine anataja siku, na kila mmoja ana hakika kwamba anapima kitu kilekile anachopima mwenzake.

Aliyeona mapema kwamba vipimo hivyo vinaweza kuachana ni Imam Nawawi, mtu wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Pwani wamekisoma kwa vizazi, anataja maili 48, kisha anaongeza kwamba bahari ina hukumu ya bara, na kwamba mtu akizikata maili hizo baharini kwa muda mfupi tu bado anapunguza sala. Wafafanuzi wake wakaeleza kuwa jambo hilo hutokea chombo kinaposukumwa na upepo mkali. Ni maneno machache, yamepita kama dokezo, na mwanafunzi mwenye haraka anaweza kuyaruka. Lakini jawabu la ndege limekwisha kutolewa pale, zaidi ya miaka 600 kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Nahodha wa Pwani asingehitaji kufafanuliwa. Jahazi lililotoka Maskati na kaskazi nzuri lilifika Unguja kwa wiki chache. Lililokosa msimu lingeweza kungoja miezi likiwa limefungwa bandarini. Maji ya kuvuka yalikuwa yaleyale, na hakuna aliyesema kwamba mwaka wa upepo mzuri Maskati imekaribia.

Hata hivyo, wanaotilia shaka sala ya abiria wa ndege wana hoja, na si hoja nyepesi. Wanasema: ruhusa hii imewekwa kwa ajili ya taabu. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inaieleza safari kuwa sehemu ya adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Abiria wa leo amelala, ameletewa juisi, na kama ni safari ya Jeddah amelishwa wali kwa nyama. Taabu ikiondoka, kwa nini ruhusa ibaki? Jibu la kwanza limo katika tukio lililopokewa na Muslim. Aya ya 101 ya sura An-Nisaa inaitaja ruhusa ya kupunguza pamoja na hofu ya maadui. Ya'la bin Umayya akamuuliza Umar: watu sasa wamo katika amani, vipi bado wanapunguza? Umar akamwambia kwamba naye alistaajabia hilohilo akamuuliza Mtume, na Mtume akamjibu kuwa hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa, basi waipokee. Mazingira ambamo ruhusa ilishuka yaliondoka wakati Mtume mwenyewe yu hai, na ruhusa ikabaki. Anayetaka kuiondoa leo kwa sababu viti ni laini, aeleze kwanza kwa nini haikuondoka siku ile njia zilipokuwa salama.

Jibu la pili ni la wataalamu wa usuli, nao walikuwa waangalifu kuliko tunavyowadhania. Walitofautisha kati ya hekima ya hukumu na sababu inayoifungamanisha. Taabu ni hekima. Safari ndiyo sababu. Walifanya hivyo kwa kuwa taabu haishikiki. Kijana wa miaka ishirini na bibi mwenye maumivu ya magoti hawachoki sawasawa katika basi moja. Mtawala aliyebebwa kwenye machela akipepewa alipunguza sala zake kama alivyopunguza aliyembeba. Na kwa upande wa pili, hamali wa bandarini anayeshinda na magunia mgongoni, jua la Februari likimchoma, hajawahi kuhesabiwa msafiri hata siku moja. Akishindwa na saumu kwa kuhofia madhara ana mlango wake mwingine katika sheria, lakini si huu. Sala yake ni rakaa nne. Kama taabu ndiyo ingekuwa kipimo, hamali angepunguza kila siku na tajiri asingepunguza kamwe. Zaidi ya hapo, sura An-Nahl, katika aya ya 7 na ya 8, inawataja wanyama wanaobeba mizigo hadi nchi ambazo watu wasingezifikia ila kwa mashaka, kisha inaashiria kwamba Mungu huumba na vingine wasivyovijua. Chombo kinachopunguza mashaka kimehesabiwa neema tangu enzi ya ngamia. Kama wepesi wa chombo unamvua mtu usafiri, basi ngamia alikwisha kumvua, maana kwa aliyezoea kwenda kwa miguu ngamia ni anasa.

Wapo wasiong'ang'ania taabu lakini wanataka muda uwe kipimo, kwa kuwa ndiyo lugha ya watu leo. Safari iwe ile inayochukua, tuseme, nusu siku. Pendekezo hili linavutia mpaka ulijaribu. Kati ya London na New York kuna kilomita zinazopita 5,500, na ndege ileile huchukua muda mrefu zaidi kwenda magharibi kuliko kurudi mashariki, mara nyingi kwa saa nzima, kwa sababu pepo za juu huisukuma upande mmoja na kuipinga upande mwingine. Concorde, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, ilivuka bahari hiyo kwa saa tatu na nusu hivi. Je, mtu alikuwa msafiri akienda na si msafiri akirudi? Alikuwa msafiri kwa tiketi ya kawaida na mkazi kwa tiketi ya ghali? Rudi Mombasa: ndege ya dakika hamsini ikicheleweshwa uwanjani kwa saa saba, je, usafiri umemwingia mtu akiwa amekaa kwenye benchi kabla hajaondoka? Muda ni kama nauli. Hutegemea kampuni, chombo, saa ya kuondoka na hali ya hewa. Haukwambii chochote kuhusu mahali mtu alipotoka wala mahali alipo sasa.

Makuraishi nao walipima kwa muda. Mtume alipowaeleza habari ya Israi, kwamba usiku mmoja amefika Baitul Muqaddas na kurudi, hoja yao ilikuwa ngamia: mwezi kwenda, mwezi kurudi. Leo, kwa mstari ulionyooka, tunajua kwamba kati ya Makka na Yerusalemu ni kilomita 1,200 na ushee, umbali ambao ndege ya kawaida huumaliza kwa chini ya saa mbili. Sisemi kwamba ndege inauthibitisha muujiza. Muujiza hauthibitishwi na injini, na wahubiri wanaoufananisha na ndege wanaushusha thamani wakidhani wanaupandisha. Ninachosema ni kwamba aliyeamini na aliyekanusha hawakugombania umbali. Wote waliujua. Mkanushaji alikosea kwa kudhani kwamba mwendo wa mnyama wake ni sifa ya ardhi.

Basi kama si taabu na si muda, umbali wenyewe unapima nini? Maili 48 hazina utakatifu wowote. Jibu langu ni kwamba umbali hupima kukosekana. Msafiri ni mtu aliyekosekana mahali alipotarajiwa: msikitini kwake, mlangoni kwa jirani, kwenye jeneza la shangazi yake. Hadithi ile ya safari kuwa sehemu ya adhabu, ambayo wapinzani huitumia, haiishii kwenye chakula na usingizi. Inamalizia kwa kumtaka aliyetimiza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Huko ndiko uzito uliko. Na sheria inalijua jambo hili hata nje ya mlango wa safari. Katika madhehebu ya Shafi, maiti aliyeko nje ya mji husaliwa sala ya ghaibu, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, hata kama huo mji mwingine uko karibu. Lakini maiti aliyemo ndani ya mji wako hasaliwi ghaibu hata kama mji ni mkubwa na yeye yuko pembe ya mwisho. Hapa hakuna anayepima uchovu wala saa. Kinachotazamwa ni kama mtu yupo au hayupo.

Utasema kwamba ndege imeondoa hata kukosekana: akiitwa atarudi jioni. Na simu je? Anamwona mama yake usoni kila usiku. Kuhusu simu sina mengi. Sauti haishiki ncha ya jeneza wala haikamilishi safu ya Ijumaa. Kuhusu ndege, tulipewa jibu mwaka 2020. Mapema Aprili, kwa sababu ya korona, serikali ya Kenya ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa vilevile. Kwa Nairobi na Mombasa marufuku hiyo ilidumu hadi mapema Julai. Kwa miezi mitatu muda wa safari kati ya Mombasa na Nairobi haukuwa dakika hamsini wala saa tano, haukuwepo kabisa. Umbali ulikuwepo. Aliyekuwa upande usio wake aligundua kwamba ukaribu aliokuwa akiutegemea ulikuwa wa kuazimwa, na mwenyewe ameuchukua. Miaka kumi nyuma, Aprili 2010, majivu ya mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull huko Iceland yalifunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na watu wazima wenye tiketi za saa mbili wakalala sakafuni kwenye viwanja vya ndege. Mtu aliye kilomita 420 kutoka kwao yuko kilomita 420, hata kama ndege tano zinaruka kwa siku. Sheria inayomhesabu kwa kilomita hizo inamhesabu kwa hali yake yenyewe. Inayomhesabu kwa dakika hamsini inategemea ratiba ya mtu mwingine.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328. Yeye hakubali taabu iwe kipimo na hakubali maili vilevile. Kurani, anasema, imetaja kusafiri katika ardhi bila kuweka mpaka wa masafa, kwa hiyo safari ni ile ambayo watu kwa desturi yao huihesabu safari. Siwezi kukana kwamba dalili yake kutoka katika Kurani ina nguvu, na wanaoitetea idadi ya 48 wanategemea zaidi matendo ya masahaba kama Ibn Umar na Ibn Abbas kuliko andiko la wazi. Desturi pia inatatua kesi moja vizuri sana. Mkazi wa Kibaha anayefanya kazi Posta, Dar es Salaam, husafiri kama kilomita 40, na foleni ikikaza anaweza kukaa kwenye daladala kwa saa tatu. Kwa muda ni mrefu kuliko ndege ya Nairobi. Kwa taabu, hakuna kulinganisha. Na bado hakuna anayemwita msafiri, wala mwenyewe hajiiti hivyo. Anakwenda kazini na anarudi kula nyumbani.

Lakini desturi hiyohiyo inayumba tukivuka maji. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na ule wa Abeid Amani Karume vimeachana kwa kilomita 73 hivi, mruko wa dakika ishirini. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili, na anayedai kwamba saa hizo mbili hazina taabu apande siku ya kusi. Mtu wa Unguja anayepanda boti akiwa na begi, akaagwa gatini na watoto, anasafiri. Kila mtu atakwambia hivyo. Mfanyabiashara anayeruka asubuhi na kurudi jioni mara nne kwa wiki, je? Desturi inakaa kimya, au inasema leo hivi na kesho vingine, kutegemea bei ya tiketi. Kwa hesabu ya Shafi wote wawili hawafiki masafa, wala kwa kilomita 81 wala kwa 89, na watasali nne. Muibadhi aliyekaa kiti cha pili ameyapita masafa yake zamani, na kwake mbili ni wajibu. Watu wawili katika safu moja ya viti, na sala mbili tofauti! Anayeona aibu katika hilo anataka sheria impime kila mtu kwa hisia zake. Mimi naona nidhamu. Kila mmoja anajua kabla ya kuondoka atasali nini, na hakuna anayejihukumu kwa jinsi alivyochoka.

Kwamba mpaka wowote wa namba una ubishi pembezoni, nakubali. Aliye kilomita 80 na aliye kilomita 90 hawatofautiani sana kwa kukosekana. Lakini kila mpaka una pembezoni, na mpaka usiotamkwa una pembezoni pana zaidi. Wayahudi wa kale nao waliweka mpaka wa hatua za siku ya Sabato, dhiraa 2,000, si kilomita moja kamili, na msomaji wa Matendo ya Mitume anaukuta ukitajwa kati ya Mlima wa Mizeituni na Yerusalemu. Hawakuuliza aliyetembea alitumia muda gani. Pia ni kweli kwamba umbali peke yake hautoshi: kwa Mashafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri ingawa hajakaribia kwao hata hatua moja. Wengine wanaliona hili kuwa ushahidi wa taabu, kwamba amepumzika. Mimi naliona kuwa ushahidi wa ninachokisema, kwani amepata mahali pa kuwepo: ana msikiti anaotarajiwa, ana mwenyeji atakayeuliza habari zake asipoonekana.

Jaribio kali zaidi la hoja hii lilifanyika mbali sana na Pwani. Oktoba 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa kwenda kituo cha anga za juu, Ramadhani ikiwa bado haijaisha. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kwa kasi yake masafa ya maili 48 hupitwa kwa sekunde 11 au 12. Jua huchomoza mara 16 kwa siku. Hapo umbali umekuwa kichekesho, na mtu angetarajia wanazuoni wakimbilie kipimo kingine. Mwongozo uliotolewa Malaysia kwa ajili yake ulielekeza sala tano katika saa 24, kwa kufuata saa za mahali aliporushwa, Baikonur. Hawakumpa sala 80 kwa siku, na hawakumwachia ahisi mwenyewe. Walimtafutia sehemu ya ardhi alikotoka, wakamfunga nayo.

Kwa hiyo abiria wa Mombasa aliyefika Nairobi kwa dakika hamsini ni msafiri kamili. Tena amepita marhala tatu, na katika madhehebu ya Shafi aliyezipita kupunguza ni bora kwake kuliko kutimiza, hasa kama nafsi yake inaona uzito kuipokea ruhusa. Ombi langu ni kwa BAKWATA ya Tanzania, SUPKEM ya Kenya, ofisi za Kadhi na Ofisi ya Mufti Zanzibar: toeni jedwali la masafa baina ya miji yetu, lipimwe kutoka mwisho wa nyumba za mji hadi mji, liseme kila madhehebu inahesabu kilomita ngapi, na libandikwe kwenye vyumba vya kusalia viwanjani na bandarini. Namba zenyewe zipo. Ramani yoyote inazo. Linalohitajika ni mtu wa kuzitia sahihi.